Maisha ya Bibi Katharina, Mke wa Dk. Martin Luther, Mlezi wa Yatima

Jina la Dk. Martin Luther halina haja ya kuelezwa katika sharika zetu za Nyanda za Juu za Kusini. Kijana wa kipaimara, awe wa Iringa mjini au wa Kidugala, wa Lupembe au wa Ilembula, ameishika Katekisimo Ndogo kwa moyo, naye ajua ya kuwa yule aliyeitunga ndiye aliyetoa zile hoja 95 huko Wittenberg mwaka 1517. Lakini siku moja, baada ya kipindi cha akina mama, mama mmoja mzee wa usharika wangu aliniuliza swali ambalo sikuulizwa hata seminarini. Mama huyo analea wajukuu watano, ambao wazazi wao wamekwisha kulala. Alitaka kujua nyumba ya Luther ilikuwa na watoto wangapi. Nikamjibu upesi kwamba Luther na mkewe walizaa watoto sita. Akatikisa kichwa, akanieleza kwa upole kwamba hakuuliza habari za waliozaliwa, bali za waliolelewa. Nikaona haya, kwa maana sikuwa na jibu. Nikarudi kwenye vitabu vyangu, na haya niandikayo ndiyo niliyoyakuta humo. Mama yule atayasoma, au atasomewa na mjukuu wake.

Katharina von Bora alizaliwa mwaka 1499 katika nchi ya Saksonia, ambayo leo ni sehemu ya Ujerumani. Wazazi wake walikuwa wa ukoo wenye heshima ya jina, lakini mali ilikuwa imewapungukia. Mama yake alifariki Katharina angali mdogo sana. Baba yake alipotaka kuoa mke mwingine alimpeleka mtoto katika shule ya watawa, naye alikuwa na umri wa miaka kama mitano hivi. Baadaye akahamishwa akapelekwa Nimbschen, karibu na mji wa Grimma, katika nyumba nyingine ya watawa, na huko akamkuta shangazi yake, Magdalena von Bora, aliyekuwa mtawa mwenye kazi ya kuwatunza wagonjwa. Msomaji alishike jina la shangazi huyu, maana tutakutana naye tena.

Basi mtoto yule asiye na mama alilelewa na wanawake wasiozaa. Wakamfundisha kusoma na kuandika, na kuimba, na Kilatini kidogo. Na kwa shangazi yake aliweza kuona jinsi ya kumtunza mgonjwa. Mwaka 1515, alipokuwa na miaka 16, aliweka nadhiri za utawa. Hakuna aliyemwuliza sana kama alipenda. Ndivyo ilivyokuwa desturi ya wakati ule kwa binti wa mtu mwenye jina kubwa na mfuko mtupu.

Siku zile maandiko ya Luther yalikuwa yakienea nchi nzima, nayo yakapenya hata ndani ya kuta za Nimbschen. Watawa kadhaa waliyasoma kwa siri wakaamini kwamba nadhiri walizowekewa utotoni hazikuwa lazima kwa wokovu wao. Waliwaandikia wazazi wao kuomba warudishwe nyumbani. Wazazi wakaogopa, wakakataa. Ndipo wakamwandikia Luther. Naye Luther akapatana na mfanyabiashara wa mji wa Torgau, jina lake Leonhard Koppe, ambaye alizoea kuwaletea watawa samaki wa chumvi na vitu vingine kwa gari lake la farasi. Usiku wa Pasaka wa mwaka 1523 watawa 12 wakatoka, wakapanda gari la Koppe lililofunikwa turubali, wakaenda zao. Tusilione jambo hili kama mchezo wa watoto. Kumtorosha mtawa kulikuwa kosa ambalo mtu aliweza kuuawa kwa ajili yake. Gari likafika Torgau salama. Watatu wakarudi kwa jamaa zao, na tisa wakapelekwa Wittenberg, wakiwa hawana kitu ila mavazi waliyovaa.

Luther ikawa juu yake kuwatafutia wale tisa mahali pa kukaa, au waume. Katika miaka miwili wote wakapata, isipokuwa Katharina. Alikaa katika nyumba za watu wa mji, na kwa muda katika nyumba ya mchoraji mashuhuri Lucas Cranach, na huko akajifunza jinsi nyumba kubwa inavyoendeshwa. Kijana mmoja wa Nürnberg, Hieronymus Baumgartner, alimpenda naye akampenda, lakini wazazi wa kijana hawakutaka mtawa aliyetoroka, na kijana hakurudi tena. Luther akamletea mchumba mwingine, mchungaji mmoja mwenye umri mkubwa. Katharina akamkataa waziwazi. Akatuma neno kwamba kama ni Luther mwenyewe, au rafiki yake Amsdorf, angekubali, lakini huyo aliyeletwa hamtaki. Mwanamke asiye na baba wa kumsemea, asiye na mahari wala nyumba, akasema hivyo! Wako wazee watakaosema alikosa adabu. Mimi naona kwamba mtu akikosa wa kumsemea, hana budi kujisemea.

Tarehe 13 Juni 1525 walioana, yeye akiwa na miaka 26 na Luther miaka 41.

Wakapewa kukaa katika nyumba ya watawa wa kiume iliyokuwa tupu, ambamo zamani Luther mwenyewe alikuwa mtawa. Ilikuwa nyumba kubwa, yenye vyumba vingi na vumbi jingi. Kitanda cha Luther kilikuwa hakijatandikwa mwaka mzima, na majani ya godoro yalikuwa yameoza kwa jasho. Luther alikuwa mtu asiyejua kutunza fedha. Akiombwa hutoa, na akikosa fedha hutoa kikombe cha fedha alichopewa zawadi. Vitabu vyake viliwatajirisha wenye mitambo ya kupiga chapa, naye mwenyewe hakutaka malipo. Hivyo Katharina akaushika uchumi wa nyumba. Aliamka saa kumi za alfajiri. Akatengeneza bustani, akafuga ng'ombe, nguruwe, mbuzi na kuku, akachimbisha bwawa la samaki, akakodi mashamba, na mwaka 1540 akapata shamba la Zulsdorf lililokuwa mali ya ndugu yake, mwendo wa siku mbili kutoka Wittenberg. Tena alipika pombe, maana nyumba ile tangu zamani ilikuwa na ruhusa ya kupika. Najua hapa ndugu wengine watanitazama kwa jicho kali, hasa majira haya ya masika ambapo ulanzi unatiririka katika kila bonde la kwetu. Sitaki kuficha habari wala kuitumia vibaya. Siku zile katika miji ya Ujerumani pombe hafifu ilikuwa kinywaji cha mezani, cha wakubwa na wadogo, na Katharina aliipika ili asinunue kwa fedha ambayo hakuwa nayo. Mwenye kutaka kulewa asimtafute mama huyu awe shahidi wake.

Luther alimtania kwa kumwita bwana wa nyumba. Katika utani ule mlikuwamo ukweli.

Mtoto wao wa kwanza, Hans, alizaliwa Juni 1526. Mwaka uliofuata tauni iliingia Wittenberg. Chuo Kikuu kikahamia Jena, wenye nafasi wakakimbia, lakini Luther akakataa kuwaacha wagonjwa, na Katharina akabaki pamoja naye ingawa alikuwa mjamzito. Nyumba yao ikawa hospitali. Wagonjwa walilala ndani, mtoto Hans naye akaugua, na Luther mwenyewe alikuwa katika giza kuu la moyo. Katharina alipita katikati yao wote. Mwezi wa Desemba alijifungua binti, Elisabeth, naye alikuwa dhaifu tangu mwanzo. Akafariki Agosti 1528, hajatimiza hata miezi minane. Baadaye wakazaliwa Magdalena mwaka 1529, Martin mwaka 1531, Paul mwaka 1533 na Margarete mwaka 1534. Hao ndio sita nilioutaja wa kwanza.

Sasa nije kwenye swali la yule mama.

Dada zake Luther wa huko Mansfeld walikufa wakaacha watoto. Kwa desturi za kwetu, Wahehe na Wabena, kila mtu ajua mjomba ni nani kwa mtoto wa dada yake, na huko nako haikuwa mbali na hivyo. Wapwa wale wakaletwa Wittenberg: watoto wa ukoo wa Kaufmann, wavulana na wasichana, Cyriacus na Andreas na Fabian, Lena na Else, na Hans Polner, mtoto wa dada mwingine. Kwa upande wa Katharina alikuja Florian, mtoto wa ndugu yake, na binti mmoja wa ukoo aitwaye Anna Strauss. Hawakuja wote kwa siku moja, wala hawakukaa wote muda mmoja, lakini kwa miaka mingi meza ile haikupungukiwa na watoto ambao hakuwazaa.

Mwaka 1539 tauni ilirudi. Mwalimu mmoja wa sheria, Sebald Münsterer, akafa pamoja na mkewe, wakaacha watoto wanne. Nyumba yao iliogopwa. Jamaa na jirani wakasimama mbali. Luther akaenda mwenyewe akawatwaa wale wanne, akawaleta kwake. Watu wa mji wakakasirika sana, wakanung'unika kwamba analeta tauni katikati yao. Vitabu vyataja ujasiri wa Luther katika jambo hili, na ni haki. Lakini aliyewatwaa alirudi kwenye meza yake ya kuandika. Aliyewapokea mlangoni, akazifua nguo zilizotoka katika nyumba ya tauni, akawalaza karibu na watoto wake mwenyewe, ni Katharina. Aliijua tauni, maana alikwisha kuiuguza. Akawapokea.

Wasomaji wa huku wataelewa jambo hili upesi kuliko watu wa nchi nyingine. Katika uchunguzi wa afya wa mwaka 2011 hadi 2012, Njombe ilionekana kuwa na wenye virusi vya Ukimwi asilimia 14.8 kati ya watu wazima wa miaka 15 hadi 49, na Iringa asilimia 9.1, na mikoa hiyo miwili ilizidi mikoa mingine yote ya Tanzania bara. Yatima waliotoka katika hesabu hiyo hawakulelewa na hesabu. Walilelewa na mabibi, na mashangazi, na mama wadogo, na wake za wajomba. Nao watoto wengine walikuja na hofu ya jirani imewafuata nyuma, kama wale wa Münsterer.

Katharina hakuifanya kazi hii peke yake. Shangazi yake Magdalena, yule mtawa wa Nimbschen, naye aliiacha nyumba ya watawa akaja kukaa Wittenberg. Watoto walimpenda mno, wakamwita kwa jina la kubembeleza. Aliwalea wadogo, akakaa karibu na vitanda vyao usiku, mpaka alipofariki mwaka 1537. Hivi yule aliyemlea Katharina alipokuwa hana mama, ndiye aliyemsaidia kulea watoto wasio na mama. Binti wa pili wa Katharina alibeba jina lake.

Mtu asidhani kwamba ulezi ule ulikuwa wa tabasamu tu. Mwaka 1542 Hans na Florian walipelekwa shule Torgau, kwa mwalimu Marcus Crodel. Kabla ya kuondoka Florian alimnyang'anya mdogo wake Paul kisu, kisha akasema uongo kwamba amepewa. Luther alipopata habari alimwandikia mwalimu amchape viboko kwa siku tatu, wala si kwa ajili ya kisu zaidi ya kwa ajili ya uongo. Twaona humo kwamba mtoto wa ndugu hakulelewa kama mgeni wa kuonewa haya. Aliadhibiwa kama mwana wa nyumbani, na kama mwana wa nyumbani alisomeshwa. Na wasichana je? Lena Kaufmann alipofikia umri wa kuolewa, mwaka 1538, harusi yake ilifanyika katika nyumba ile ile, na karamu ikaandaliwa.

Pamoja na watoto walikuwamo wanafunzi wa Chuo Kikuu, waliokaa na kula humo kwa malipo. Mara nyingi nyumba ilikuwa na watu 30 au 40. Wanafunzi hao waliandika kila neno lililosemwa na Luther mezani, nasi twawashukuru. Lakini baadhi yao hawakumpenda Katharina, kwa sababu aliwadai ada ya chakula, na kwa sababu alithubutu kusema mezani katika mazungumzo ya elimu. Nadhani wale waliomnung'unikia walikuwa wameshiba. Luther alitaka mkewe azidi kuyajua Maandiko, akamwahidi gulden 50 kama akimaliza kuisoma Biblia yote kabla ya Pasaka ya mwaka 1536. Mwanamke mwenye kazi nyingi namna ile akasoma, katikati ya ng'ombe na watoto na wageni.

Msimu wa masomo wa mwaka ule wa 1542 ulikuwa bado mchanga wakati Magdalena, binti yao wa miaka 13, alipougua. Alikuwa mtoto mtulivu, mpendwa wa wote. Alimtamani kaka yake Hans, na gari likatumwa Torgau kumleta, wala hakuambiwa sababu. Akafika, wakaonana. Tarehe 20 Septemba Magdalena alifariki mikononi mwa baba yake. Katharina alikuwa ndani ya chumba kile kile, lakini alisimama mbali kidogo na kitanda, kwa kuwa hakuweza kutazama. Mama huyu aliyeuguza watu wa tauni, aliyekaa siku nyingi kando ya kitanda cha wagonjwa wa watu, safari hii miguu yake haikumpeleka karibu. Mimi nimesimama katika nyumba nyingi za msiba kama mchungaji, na nimeona akina mama waliosimama namna hiyo karibu na ukuta. Sijapata kumhukumu hata mmoja.

Hans aliporudi Torgau alilemewa na huzuni, akatamani nyumbani, maana mama yake alipomwaga alimwambia kwamba akijisikia vibaya arudi. Luther akaandika kwa ukali kidogo kwamba mtoto ajikaze, arudi tu kama ni mgonjwa kweli. Baba na mama hawakuwa na nia moja katika jambo lile, na kila mmoja alimpenda mtoto kwa njia yake.

Mwezi wa Januari mwaka ule ule wa 1542 Luther alikuwa ameandika wosia. Ndani yake alimfanya Katharina kuwa mrithi wake na mlinzi wa watoto, akieleza kwamba yeye ni mama yao wa kweli, tena kwamba si vema mama atazame mikono ya watoto, bali watoto watazame mikono ya mama. Hakuwaita wanasheria, kwa kuwa hakuwapenda, akaona jina lake latosha. Hapo ndipo alipomtengenezea mkewe taabu bila kukusudia.

Luther alifariki Eisleben tarehe 18 Februari 1546. Katharina hakuwapo. Alikuwa na miaka 47. Hans alikuwa na miaka 19, Martin 14, Paul 13, Margarete 11. Katika barua aliyompelekea shemeji yake Christina majuma machache baadaye alieleza kwamba hawezi kula wala kunywa wala kulala, na kwamba huzuni yake hawezi kumweleza mtu. Lakini katika barua hiyo hiyo aliahidi kumsaidia mtoto wa Christina katika masomo yake, kadiri atakavyoweza. Nimelirudia jambo hilo mara nyingi mawazoni. Machozi hayajakauka, urithi haujulikani, naye anafikiri habari za karo ya mtoto wa mwingine.

Sheria ya Saksonia haikumruhusu mjane kurithi mali ya mumewe, wala kuwa mlinzi wa watoto wake. Mali ni ya watoto, na wanaume waliowekwa ndio waangalizi, wa watoto na wa mjane pia. Hakuna msomaji wa Iringa atakayeshangaa. Katika sheria za mila zilizotangazwa kwa maandishi mwaka 1963 mjane naye hakupewa fungu katika urithi wa mumewe akiwapo mtu wa ukoo, nasi tumeona wajane wakihesabiwa vijiko. Basi Gregor Brück, mshauri mkuu wa mtawala wa Saksonia, alitaka Katharina aiache nyumba kubwa, apunguze watu, tena wavulana watolewe mikononi mwake wakalelewe na wengine. Alisema Katharina ni mwenye kiburi na mwenye kutumia fedha vibaya, na kwamba akinunua shamba la Wachsdorf alilolitaka, wanawe watakuwa vijana wa kupanda farasi na kuwinda ndege. Huyu ndiye mwanamke aliyeilisha nyumba ya watu 40 kwa miaka 20! Aliyeaminiwa kulea watoto wa kila mtu, sasa hakuaminiwa kulea wa kwake.

Katharina hakulia tu. Alimwandikia mtawala mwenyewe, Johann Friedrich, na Philipp Melanchthon akamsaidia. Aliomba mambo mawili: awe na shamba la kuwalisha watoto, na watoto wabaki naye. Mtawala aliwapa watoto gulden 2,000, na shamba la Wachsdorf likanunuliwa kwa gulden 2,200. Waangalizi waliwekwa kama sheria ilivyotaka. Lakini vijana walipoulizwa, walitaka kukaa na mama yao, nao wakaachwa kwake. Hans alitakiwa kuingizwa katika ofisi ya mtawala. Mama yake akashikilia kwamba aendelee na masomo kwanza, naye akaendelea. Brück alishindwa kwa mama huyu, jambo ambalo halikumpata mara nyingi.

Furaha hiyo haikukaa. Mwisho wa mwaka 1546 vita vya Kaisari Karl wa Tano juu ya watawala wa Kiprotestanti vilikaribia Wittenberg. Katharina akakimbilia Magdeburg pamoja na watoto, akarudi, na baada ya mtawala wake kushindwa na kufungwa kule Mühlberg, Aprili 1547, akakimbia mara ya pili. Alitaka kufika Denmark kwa Mfalme Christian wa Tatu, lakini njia zilijaa askari, akageuka. Aliporudi Wittenberg akakuta mashamba yameharibiwa, mifugo imechukuliwa, na kodi za vita zinamngoja. Aliyemlinda alikuwa kifungoni. Akakopa fedha kwa rehani, akafungua tena vyumba kwa wanafunzi, akawapikia kama zamani. Akamwandikia mfalme wa Denmark zaidi ya mara moja kumkumbusha msaada wa thaler 50 kwa mwaka ambao Luther alipewa. Mara ulikuja, mara haukuja. Rafiki wengi waliokula mezani kwake hawakuonekana. Hata hivyo Hans alipelekwa Königsberg mwaka 1549 kusoma sheria, na Paul akaendelea na masomo ya uganga.

Katika mwaka 1552 tauni iliingia Wittenberg tena, na Chuo Kikuu kikahamia Torgau. Katharina akafuata pamoja na Paul na Margarete. Karibu na mji farasi wakashtuka wakaanza kukimbia ovyo na gari. Akiogopa kwa ajili ya watoto, aliruka chini apate kuwazuia, akaanguka vibaya, akatumbukia katika mtaro wenye maji ya baridi. Hakuinuka tena vizuri. Alilala miezi mitatu katika nyumba moja ya Torgau, Margarete akimwuguza, na tarehe 20 Desemba 1552 akafariki, mwenye umri wa miaka 53. Gari la farasi lilikuwa limempeleka Torgau salama alipokuwa kijana asiye na kitu. Miaka 29 baadaye gari lingine likamfikisha huko huko. Alizikwa katika Kanisa la Mtakatifu Maria, waalimu na wanafunzi wa Chuo wakafuata jeneza, na jiwe lenye sura yake liko humo hata leo.

Hans alikuwa mwanasheria katika utumishi wa watawala. Martin alisoma theolojia, lakini afya yake haikumruhusu kuwa mchungaji. Paul alikuwa mganga mashuhuri wa watawala. Margarete aliolewa mwaka 1555 na Georg von Kunheim, akazaa watoto wengi, akafariki mwaka 1570. Wale wapwa na yatima walitawanyika, wengine wakaolewa, wengine wakapata kazi, na vitabu havikuwafuata wote. Ile nyumba kubwa watoto wa Luther waliiuzia Chuo Kikuu mwaka 1564. Mlango wake upo bado, mlango wa mawe ambao Katharina alimtengenezea mumewe mwaka 1540, wenye viti viwili vya mawe, kimoja kila upande, mahali pa watu wawili kukaa jioni kazi zikiisha.